Jinsi picha isiyo na rangi inavyohifadhi umbo la mtungi na kata Gazi

Neno mtungi limehamia chombo kingine. Katika kijiji cha Gazi, yapata kilomita 50 kusini mwa Mombasa kwenye barabara ya kuelekea Lunga Lunga, mtoto akiambiwa leo alete mtungi ataleta wa gesi au ule wa plastiki wa kuchotea maji, na hakuna atakayemlaumu. Zamani neno hilo hilo lilimaanisha chombo cha udongo kilichofinyangwa kwa mkono, chenye tumbo pana na shingo nyembamba, ambacho kiliyaweka maji yakiwa baridi kwa sababu yalipenya kidogo kidogo katika udongo na kukaukia nje. Jina limebaki, umbo limeondoka.

Hali hiyo haikuupata mtungi peke yake. Chungu kimepisha sufuria, kata ya kifuu cha nazi imepisha kikombe cha plastiki, kifumbu cha kuchujia tui kimepisha chujio la dukani, na kawa iliyosukwa kwa ukindu ya kufunikia chakula imepisha kifuniko cha bati. Vyombo hivyo havijatoweka kabisa. Aghalabu hupatikana uvunguni, juu ya dari au nyuma ya jiko, kimoja kikiwa na ufa, kingine kikitumiwa kuwekea chakula cha kuku. Siku kikivunjika hutupwa, wala hakuna atakayeleta kingine mahali pake.

Kamusi yaweza kueleza kwamba mtungi ni chombo cha udongo cha kuwekea maji, lakini haisemi tumbo lake lilitokeza kiasi gani, wala mdomo ulikunjwa vipi, wala chini kulikuwa bapa au mviringo. Maswali hayo picha huyajibu, mradi ipigwe sawasawa. Bahati mbaya picha nyingi za vyombo hivi zinazopigwa kwa simu humwonyesha mtazamaji doa la duara la rangi ya kahawia lisilo na unene, mfano wa chapati. Chombo kimepigwa picha, lakini umbo lake halimo.

Wageni wengi hufika Gazi kwa ajili ya mikoko. Hupita juu ya daraja la mbao la akina mama wa kijiji hicho, husikia habari za mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013 kuuza huduma ya mikoko ya kufyonza hewa ya ukaa, kisha hupiga picha za bahari na kurudi Diani. Ni wachache wanaobisha hodi jikoni. Ilhali kwa mtu anayetaka kujifunza kupiga picha, hakuna mwalimu bora kuliko chombo cha mviringo kilichowekwa karibu na mlango, na hakuna njia bora ya kumsikiliza mwalimu huyo kuliko kuiondoa rangi.

Sababu yake ni nyepesi kueleza. Mstari wa nje wa kitu cha mviringo hausemi mengi. Sahani iliyotazamwa kutoka juu ni duara, dafu ni duara, mdomo wa kinu ni duara, mpira ni duara. Kinachoyafahamisha macho kwamba hiki ni bapa, kile kimetokeza na kingine kimebonyea ni jinsi mwanga unavyopungua kutoka upande mmoja hadi mwingine. Rangi hulificha jambo hilo. Mtu akiona wekundu wa udongo hutambua mara moja kwamba ni chungu, na baada ya kukitambua haangalii tena. Picha ya nyeusi na nyeupe humnyima njia hiyo ya mkato. Ndani yake hamna kitu isipokuwa weupe, weusi na vijivu vya katikati, na vijivu hivyo visipopangika vizuri, chungu hakitakuwa chungu.

Wapiga picha wa ng'ambo waliligundua hilo zamani. Mwaka 1916 Mmarekani Paul Strand alichukua bakuli chache za jikoni, akazipanga kwenye mwanga mkali na kuzisogelea hata zikawa mapinde ya weupe na giza. Mwaka 1930 mwenzake Edward Weston aliweka pilipili hoho ndani ya faneli ya bati iliyolazwa ubavu ili mwanga uizunguke pande zote, na picha hiyo ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi katika historia ya fani hii. Huko Prague, Josef Sudek alitumia miaka mingi kupiga picha za bilauri ya maji, yai na mkate karibu na dirisha la chumba chake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji kitu cha thamani. Bakuli, pilipili na yai havikosekani Gazi.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina historia yake ndefu ya picha zisizo na rangi, ila historia hiyo ilielekea kwingine. Studio kama Capital Art ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, na ile ya Parekh iliyofunguliwa Mombasa mwaka 1942, zilijipatia sifa kwa picha za watu: maharusi, ndugu waliovaa sare, vijana waliotaka kuonekana na saa mkononi. Chombo kilipoingia katika picha hizo kilikuwa pambo la mezani, kama jagi la maua au redio. Mtungi na kifumbu havikupelekwa studio. Vilikuwa vya kila siku, na cha kila siku hakikudhaniwa kustahili gharama ya filamu.

Hata hivyo, Waswahili na jirani zao hawakuwa watu wasiojali umbo la vyombo. Sahani na bakuli za kaure kutoka Uchina zilipachikwa katika kuta za makaburi na misikiti ya kale ya pwani hii, na ndani ya nyumba za mawe zilipangwa katika zidaka ili mgeni azione. Bakuli la mviringo lilikuwa la kuliwa ndani na la kutazamwa pia.

Wataalamu wa mambo ya kale nao hawana budi kuliheshimu umbo. Jina la Kwale linajulikana katika vitabu vya historia ya Afrika kwa sababu ya vigae. Mwaka 1966 mtafiti Robert Soper alichimba karibu na mji wa Kwale, katika eneo la vilima vya Shimba, akapata vyombo vya udongo vya wakulima na wafua chuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Vyombo vya namna hiyo huitwa hadi leo vyombo vya Kwale, hata vinapopatikana mbali, ndani ya Tanzania. Hutambuliwa zaidi kwa midomo yao iliyokatwa pembe na kutiwa mifereji, pamoja na mapambo ya shingoni. Rangi haiaminiki sana katika kazi hiyo, maana hubadilika kwa moto na kwa kulala ardhini. Kigae cha mdomo kilichotunza mkunjo wake kina habari nyingi kuliko kigae kikubwa cha tumbo.

Ikiwa mkunjo wa mdomo umeweza kubeba historia ya miaka elfu moja na mia saba na zaidi, mtu anayepiga picha chungu cha nyanya yake ana sababu ya kuutazama mdomo huo kwa makini.

Kazi huanza na mwanga, na mwanga wa Gazi si mwepesi kutawala. Kijiji kipo zaidi kidogo ya nyuzi nne kusini mwa ikweta. Mapema mwezi wa Machi na tena mapema Oktoba jua la saa sita mchana hupita juu ya utosi hasa, na katika miezi mingine haliendi mbali. Chungu kikiwekwa uani wakati huo, bega lake huungua kwa weupe, tumbo hutumbukia gizani, na kivuli chote hujikusanya chini kana kwamba chombo kimekalia shimo. Picha ya namna hiyo haisaidii kitu. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, jua hulala na kupiga ubavu, lakini hata hapo huacha mpaka mkali kati ya mwanga na giza.

Mahali pazuri zaidi ni ndani ya nyumba karibu na mlango au dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, au barazani upande wenye kivuli. Mwanga unaofika hapo hautoki kwenye jua lenyewe bali kwenye anga, kwenye mchanga mweupe wa uani na kwenye ukuta wa jirani uliopakwa chokaa. Huja kutoka eneo pana, kwa hiyo hulizunguka tumbo la chombo taratibu. Siku za masika, mawingu yanapofunika anga lote, hata uani hufaa.

Nyumba ya makuti ina shida yake ya kipekee, ambayo pia ni somo. Paa lililochakaa hupenyeza jua kwenye vitundu visivyohesabika, na sakafuni huonekana madoa ya mwanga ya mviringo. Madoa hayo ni ya mviringo hata kama vitundu vyenyewe vina pembe, kwa kuwa kila doa ni taswira ya jua, jinsi ile ile kamera ya tundu inavyofanya kazi. Jua likipatwa, madoa yote hugeuka hilali. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufanya kazi zake nyingi Cairo, aliandika risala nzima juu ya jambo hilo, karne nyingi kabla ya kamera kuundwa. Kwa mpigaji picha wa leo, doa moja la aina hiyo likitua juu ya tumbo la mtungi hulivunja umbo lote. Hapana budi kulizuia kwa jamvi au kusubiri jua lisogee.

Chombo kikishawekwa, dirisha liwe ubavuni mwake na mpigaji asimame mahali ambapo dirisha halipo nyuma yake wala mbele yake. Mwanga ukitoka nyuma ya mpigaji, chombo huwa bapa, na hilo ndilo kosa la picha nyingi za simu, hasa zile zinazopigwa kwa taa ya simu yenyewe. Ukitoka ubavuni, tumbo hujigawa. Upande wa dirisha hung'aa, katikati huja kijivu, halafu giza, na pembeni kabisa, upande wa mbali, giza hilo hupungua tena kidogo kwa sababu ya mwanga unaorudishwa na ukuta au sakafu. Utepe huo mwembamba wa mwanga uliorudi hudharauliwa na wengi. Bila utepe huo ukingo wa chombo humezwa na giza la nyuma, na mtazamaji hajui kinaishia wapi.

Giza likizidi, leso nyeupe au karatasi kubwa ikisimamishwa upande wa pili hurudisha mwanga wa kutosha. Likipungua, kitambaa cheusi hufanya kinyume chake. Vifaa vingine si vya lazima. Umbali kutoka dirishani nao ni chombo cha kazi: mtungi ulio nusu mita kutoka dirisha la upana wa mita moja hupata vivuli laini, lakini ukisogezwa mita tatu ndani, dirisha hilo hilo huwa dogo mbele yake na mipaka ya vivuli hukazika.

Kwa vyombo vilivyo wazi kama bakuli, ungo na kata, kuna hatari moja ya kushangaza. Ubongo wa binadamu umezoea kwamba mwanga hutoka juu. Ukipiga picha ya ndani ya kifuu huku mwanga ukitoka upande utakaokuwa chini ya picha, watazamaji wengi wataona kimetokeza kama nundu badala ya kubonyea. Picha ikipinduliwa, kifuu hubonyea tena. Rangi na vitu vya pembeni huweza kuwasahihisha macho, lakini katika picha ya nyeusi na nyeupe iliyopigwa kwa karibu hakuna msaada huo. Kwa hiyo bakuli likitazamwa kutoka juu, dirisha liwe upande utakaokuwa juu ya picha au ubavuni, kamwe lisiwe chini.

Kila maada ina tabia yake. Udongo mkavu hutawanya mwanga pande zote na kwa hiyo ndio mpole kuliko vyote. Anayeanza aanze na udongo. Kifuu kilichosuguliwa kwa miaka mingi ya kutumika kina mng'aro wa mafuta, nao husaidia, maana doa moja dogo la weupe juu ya tumbo huonyesha papo hapo kwamba kitu hiki kimetokeza. Kibuyu ni vivyo hivyo. Sufuria ya alumini, sinia ya shaba na mdila wa kahawa ni adui wa mpigaji: havionyeshi umbo lao bali huonyesha chumba kizima, dirisha, na mpigaji mwenyewe akiwa amejikunja na simu usoni. Njia ni kuvizungushia shuka jeupe ili viwe na kitu cheupe cha kuakisi, kisha kuacha tundu la lenzi peke yake. Bilauri haifai kuangaziwa ubavuni, bali huwekewa karatasi nyeupe yenye mwanga nyuma yake, na kingo zake hujichora zenyewe kwa weusi.

Chombo kigumu kuliko vyote ni chungu chenye masizi ya kuni. Masizi humeza mwanga. Watu wengi hukisugua kwanza ili kipendeze, nao hufanya kosa, kwani alama za moto ndizo zinazoeleza kilikaa vipi juu ya mafiga. Kiachwe kilivyo, kisogezwe karibu sana na dirisha na mwanga upite kwa kukwaruza juu ya ngozi yake. Hapo ndipo alama za vidole vya mfinyanzi hujitokeza. Chombo cha mkono si duara kamili kama ndoo ya kiwandani. Kina upande uliolegea, kina mahali ambapo udongo uliunganishwa, na kikizungushwa robo duara huonekana kama chombo kingine. Kwa sababu hiyo picha moja haitoshi. Mbili au tatu, zikipigwa bila kubadili mwanga wala kamera, hueleza kazi ya mkono kuliko maelezo marefu.

Kamera nayo ina upumbavu wake unaohitaji kujulikana. Kipimo cha mwanga ndani yake hudhani kwamba kila kitu duniani ni kijivu cha wastani, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Bakuli jeupe la kaure likijaza picha, kamera hulifanya kijivu, na chungu cheusi nacho hukifanya kijivu kile kile. Simu nyingi huruhusu kugusa kioo na kuongeza au kupunguza mwanga kwa kidole. Bakuli jeupe liongezewe, chungu cheusi kipunguziwe, hadi kila kimoja kifanane na kilivyo.

Umbali wa mpigaji ni jambo ambalo hata waliobobea hulisahau. Lenzi ya kawaida ya simu huona eneo pana, na mtu hulazimika kusogea karibu ili chombo kijae. Akiwa sentimita 30 kutoka mtungini, tumbo humvimbia, mdomo hutanuka na kitako hunywea. Zaidi ya hayo, kitu cha mviringo kikitazamwa kwa karibu sana huonyesha chini ya nusu ya uso wake. Afadhali kurudi nyuma mita mbili na kuivuta picha kwa lenzi ndefu, au kuikata baadaye. Mdomo wa mtungi, ambao ni duara, utaonekana kuwa duaradufu. Kamera ikiwa juu kidogo tu ya mdomo, duaradufu huwa nyembamba na msomaji wa picha huona tumbo na mdomo kwa pamoja. Kwa kumbukumbu, ipigwe na picha nyingine kamera ikiwa sawa na katikati ya chombo, ili mstari wa ubavu uonekane bila kupotoshwa. Mwenye kamera yenye tundu la kurekebisha alifunge hadi namba 8 au 11, aisimamishe juu ya kiti au kigoda, naye asiiguse wakati inapopiga, kwa kuwa mwanga wa ndani ni mchache na muda huwa mrefu.

Kuhusu kuiondoa rangi yenyewe, yapo mambo yanayofaa kujulikana hata na asiyepiga picha bali hutazama za zamani. Mabamba ya kwanza ya picha yaliuhisi mwanga wa buluu tu. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua namna ya kuyatia dawa ili yahisi kijani pia, na yale yaliyohisi rangi zote pamoja na nyekundu yalianza kuuzwa Uingereza mwaka 1906. Maana yake ni kwamba katika picha za pwani za karne ya 19, chungu chekundu huonekana cheusi, leso nyekundu huonekana nyeusi, na anga la buluu huonekana jeupe tupu. Anayetazama picha hizo akadhani kwamba vyungu vyote vilikuwa na masizi amedanganywa na kemia.

Simu ya leo hufanya uamuzi kama huo bila kumuuliza mwenyewe. Kwa kanuni iliyotumika tangu enzi za televisheni, kijivu hupatikana kwa kuchukua takriban asilimia 59 kutoka fungu la kijani, 30 kutoka nyekundu na 11 kutoka buluu. Programu nyingi za kusahihishia picha humwezesha mtu kubadili vipimo hivyo. Udongo mwekundu wa Kwale ukipewa fungu kubwa la nyekundu hung'aa na kuonekana laini. Ukipewa fungu la buluu hukolea giza na kila mkwaruzo hutokeza. Fungu la buluu hulipua makosa ya chombo, la nyekundu huyasitiri. Hakuna lililo sahihi kwa kila kazi, ila mwenye kutaka kuonyesha ufa uliozibwa na kiraka cha lami asitumie nyekundu.

Busara ni kupiga kwa rangi, kutengeneza nakala isiyo na rangi, na kuzihifadhi zote mbili. Nyeusi na nyeupe huonyesha umbo, lakini haiwezi kumwambia mtu wa kesho kwamba udongo ulikuwa mwekundu au wa kijivu. Mtu akiisifu hadi kulikana hilo, amevuka mpaka.

Picha nzuri bila maelezo nayo huwa bubu. Makumbusho, ikiwa ni pamoja na ile ya Fort Jesus ambako vimehifadhiwa vyombo vilivyoopolewa kati ya mwaka 1977 na 1980 kutoka meli ya Kireno ya Santo António de Tanna iliyozama Mombasa mwaka 1697, huandamanisha picha za vyombo na kipimo na namba. Nyumbani rula ya shule yatosha. Iwekwe kando ya kitako, sambamba na chombo, isiwe mbele wala nyuma yake. Bila rula, mtungi wa lita 20 na kichungu cha dawa huweza kufanana kabisa.

Mfano wa faida ya kumbukumbu hautafutwi mbali. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili vya kumbukumbu ya ndugu zake. Vigango si vyombo vya nyumbani wala si vya mviringo, ni nguzo za mbao zilizochongwa. Baadaye viliibwa. Mwaka 1999 kimoja kilitambuliwa katika mkusanyiko wa makumbusho ya jimbo la Illinois nchini Marekani, cha pili kikapatikana katika chuo kikuu cha Hampton, na mwaka 2007 vikarudishwa Kenya. Ile picha ya zamani ndiyo iliyothibitisha kwamba vigango vile ni hivyo hivyo na ni vya familia ile. Hakuna atakayeiba kifumbu akakipeleka Marekani, labda. Lakini chetezo cha zamani, mdila wa shaba au bakuli la kaure lililorithiwa huuzwa kwa watalii na wachuuzi kila uchao, na familia isiyo na picha haina cha kudai.

Ruhusa ni ya lazima. Chombo ni cha mwenyewe hata kama kimetupwa nyuma ya jiko, na si kila chombo cha mviringo ni cha kupikia. Kibuyu cha mganga, sahani ya kuandikia kombe na chetezo cha shughuli vina miiko yake, na mama mwenye nyumba ndiye ajuaye kipi kinaonyeshwa na kipi hakionyeshwi. Akisema hapana, yaishe. Akisema ndiyo, aulizwe chombo kinaitwaje nyumbani kwake, maana jina la Kidigo la chombo kimoja huweza kutofautiana na la Kiswahili cha Mombasa, na jina la Msambweni na la Vanga.

Hatimaye kuna suala la kuitunza. Picha za rangi zilizochapishwa katika studio za mitaani miaka ya 1970 zimegeuka nyekundu au njano katika nyumba nyingi za pwani, kwa sababu rangi zake ni dawa zinazochakaa kwa mwanga na joto. Picha za nyeusi na nyeupe za zamani zaidi zimedumu, maana zimeundwa kwa chembe za fedha, iwapo zilioshwa vizuri na hazikupata ukungu. Unyevu wa bahari hauzioni haya aina zote mbili, wala lenzi ya kamera. Picha zilizo ndani ya simu hufa pamoja na simu. Kwa hiyo picha ya mtungi ichapishwe, iwekwe ndani ya bahasha ya karatasi na si mfuko wa plastiki, mbali na ukuta wenye unyevu. Nyuma yake paandikwe kwa penseli, si kwa kalamu ya wino unaopenya: jina la chombo kama lilivyotamkwa na mwenyewe, kimo na upana wake, nani alikifinyanga iwapo anajulikana, kilitumika kwa kazi gani, kijiji, na tarehe ya kupigwa.